Usimwulize Hali Yake

Hamilton, Ohio
9 Februari 2016

Dada Delphia,

Leo natimiza miaka hamsini na nne tangu nishuke kutoka Laurel Lick na sanduku la kuazima la kaka Hobert, na bado kila nikiandika tarehe juu ya barua najikuta nahesabu. Uzee una ulevi wake. Wewe unahesabu kuku, mimi nahesabu miaka.

Wilma June wa Hobert amenitumia ile barua ya kampuni ya bima. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira, mara ya pili nikaisoma na kalamu mkononi. Wanasema hawatalipia tena ukae kwenye kituo cha mazoezi ya viungo kwa sababu huna haja nacho. Na sababu wanazotoa hawakuzitunga wao. Ni zako. Nakunukulia: "Mgonjwa anaeleza kwamba hajambo. Anasema hana la kulalamikia. Anasema wapo wenye shida kuliko yeye. Tarehe 21 Januari alionekana akitembea ukumbini bila msaada, akimsindikiza mgeni."

Dada, ulivunjika nyonga mwezi wa Desemba. Una chuma ndani ya mfupa. Mgeni gani huyo?

Wametupa siku sitini za kukata rufaa. Nitaiandika mimi. Kiwandani niliwaandikia wenzangu barua za namna hii miaka mingi, mashine za karatasi zilipokuwa zinakula vidole vyao na ofisi ikisema ni uzembe wao, kwa hiyo najua zinavyopangwa. Ninachotaka kwako ni ukweli. Unaweza kupanda ngazi? Unalala wapi? Bafuni unaingiaje? Unasimama kwa muda gani kabla ya kutafuta kiti? Nijibu kama unamwandikia mtu asiyekujua.

Nduguyo,
Arvil


Laurel Lick, Kentucky
17 Februari

Mdogo wangu Arvil,

Barua yako imefika, na mimi pia nimefika. Niko nyumbani. Walisema nikitaka kubaki nijilipie, Wilma June akaanza kuongea habari za kuuza gari lake, nikamwambia mtoto nyamaza, niletee koti langu. Kwa hiyo usijisumbue sana na hiyo rufaa.

Mgeni alikuwa Mchungaji Estill. Aliendesha gari kutoka ng'ambo ya mlima na theluji ile yote, akaniombea, akaniletea keki ya mkewe, halafu nimwache atoke peke yake kama mtoza kodi? Nilimpeleka mpaka mlangoni. Niliporudi kitandani sikuamka hadi kesho yake mchana, lakini hilo si jambo la kumwambia mchungaji.

Kuhusu maswali yako, mimi sijambo. Ngazi zipo pale pale zilipokuwa. Wale wasichana wa mazoezi walikuwa watoto wazuri. Yule mrefu mama yake ana kansa. Kila asubuhi anaingia, "Leo vipi, Bibi Delphia?" na macho yake mekundu kwa kulia. Sasa mimi nimlilie nyonga? Nilimjibu nilivyolelewa, na wewe ulilelewa nyumba ile ile, ila umekaa na watu wa kaskazini mpaka sasa ukikanyagwa kidole unaita gazeti.

Theluji imeanza kuyeyuka. Kuku wawili wamechukuliwa na mbweha. Yale maharagwe tuliyoyatunga kwenye uzi yamekauka vizuri. Utakuja majira ya kuchipua? Chumba chako hakina kitu ila mitungi yangu.

Dada yako,
Delphia


Hamilton
24 Februari

Dada,

Nimekuuliza maswali manne, umeyajibu kwa neno moja, na hilo neno ndilo lililotufikisha hapa.

Jana nilikaa na simu sikioni kuanzia chai ya asubuhi mpaka supu ikapoa. Mwanamke mmoja alinipeleka kwa mwanamume, mwanamume akanirudisha kwa mwanamke. Katikati kulikuwa na muziki wa filimbi. Mwisho wakaniambia faili lako linaonyesha "maendeleo mazuri." Nikawauliza nani alisema. Wakasema mgonjwa mwenyewe.

Nasaini kwa jina lako hapa chini ya rufaa, lakini siwezi kuapa kwa jina lako. Niandikie, tafadhali. Sina nguvu za kubishana na wao na kubishana na wewe pia.

Nitajitahidi kuja, barabara zikikauka.

Arvil


Laurel Lick
2 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo. Ni mimi Wilma June, mtoto wa Hobert, yule ambaye ulimwona mara ya mwisho akiwa hana meno ya mbele. Sasa ninayo, na ninapika kwenye shule ya msingi huku chini. Naandika kwa sababu nilipomletea Shangazi barua yako ya pili aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya paka.

Shangazi anakudanganya kwa adabu. Hali ndiyo hii. Halali kitandani. Analala kwenye kiti kando ya jiko la kuni, amekaa, kwa sababu akilala hawezi kuinuka. Jikoni, unakumbuka, unashuka vipago vitatu vya ngazi. Hajavishuka tangu arudi. Mimi namletea chakula cha shule jioni, na asubuhi kabla ya kazi namwaga ndoo. Ndoo ya nini, unaelewa. Ameniapisha nisikuambie, basi nitatubu Jumapili.

Juzi nilimkuta sakafuni. Alisema ameketi tu anatafuta sindano. Shangazi hajashona tangu macho yake yaharibike.

Nikimuuliza anaendeleaje ananijibu, "Nipo, mwanangu, nipo." Nikamwambia, "Hata kabati lipo, Shangazi." Akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akafumba macho muda mrefu, na hapo ndipo nilipoona jinsi anavyoumia. Daktari aliyemfanyia upasuaji anasema wiki sita nyingine za mazoezi zingemwezesha kushuka vile vipago. Bila hizo, anasema, kiti ndicho hicho.

Anataka kufika jikoni kwake, Baba mdogo. Hataki kingine. Niambie niandike nini na nisaini wapi.

Wilma June


Hamilton
11 Aprili

Dada Delphia,

Wamekataa tena.

Niliwatumia kurasa tano. Niliweka barua ya daktari. Niliweka maelezo ya Wilma June, na usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na nilipoifunga bahasha nilijiambia hii haina tundu.

Tundu lilikuwa wewe. Nesi wa kampuni alikupigia simu tarehe 29 Machi kuhakiki. Nakunukulia alichoandika: "Mgonjwa ni mchangamfu. Anasema hajambo na anamshukuru Mungu. Hana malalamiko. Alimuuliza nesi kama ametumia asali kwa kikohozi chake." Chini yake pana muhuri.

Nimeisoma mara nyingi. Sijui kama nicheke. Nimechoka, dada. Nimechoka kiasi kwamba jana nilikaa kwenye gari mbele ya posta injini ikiwa imezimwa, na sikukumbuka kama nilikuwa nakuja au naondoka.

Tumebakiwa na mlango mmoja. Kuna mwamuzi wa nje, asiye mtu wa kampuni, anayesikiliza kwa simu. Nahitaji saini yako. Nakutumia karatasi.

Arvil


Laurel Lick
18 Aprili

Arvil,

Mtoto wa watu alikuwa anakohoa mpaka simu inatetemeka. Ningefanyaje? Alipiga, akasema jina lake ni Kaylee, akasema "Habari yako leo, Bi Fugate?" kwa sauti tamu kabisa, nami mdomo wangu ukajibu kabla sijajua ni nani. Nilipoweka simu chini ndipo nikaona nilichofanya. Sikumwambia Wilma June. Nilidhani labda hataandika.

Karatasi yako sijasaini. Nisikilize. Mtu akikueleza maumivu yake anakuomba kitu. Mama hakuomba, Baba hakuomba. Mimi nimezika mume na watoto wawili kwenye kilima hiki na hakuna aliyenisikia nikipaza sauti, na watu waliniletea chakula bila kuombwa. Sasa unataka nikamwombe mtu asiye na uso, kwenye simu, nimhesabie ndoo. Huko kwenu labda hivyo ndivyo watu wanavyoishi.

Nimechoka na bahasha. Zikija naona kama mtu amesimama mlangoni na hataki kuingia wala kuondoka. Acha tu.

Miti ya dogwudi imechanua. Njoo uione.

Delphia


Hamilton
22 Aprili

Dada,

Hutaomba. Bima hiyo wewe na marehemu mumeo Clell mmeilipia tangu mgodi ulipofungwa, hamkukosa mwezi. Mtu akikuuzia ng'ombe akakuletea kamba tupu, ukamfuata umdai, hujaomba.

Saini. Nitaandika barua ambayo haitakulazimisha ulalamike hata kidogo. Nakuahidi hilo.

Arvil


Laurel Lick
28 Aprili

Nimesaini. Ni kwa sababu ya ng'ombe.

D.


Hamilton, Ohio
4 Mei 2016

Kwa Mwamuzi wa Rufaa

Mheshimiwa,

Naandika kwa niaba ya dada yangu, Delphia Fugate, mwenye umri wa miaka themanini na moja, kwa idhini yake iliyoambatishwa. Kampuni imekataa mara mbili kulipia mazoezi ya viungo aliyoandikiwa na daktari baada ya kuvunjika nyonga. Mara zote mbili imetumia ushahidi ule ule, yaani maneno ya dada yangu mwenyewe. Sidai kwamba hakuyasema. Aliyasema. Nadai kwamba hayakuwa ushahidi.

Tunakotoka, mtu akikuuliza hali yako anakusalimu tu. Jibu ni moja, kwa mzima na kwa mahututi, na ukilibadilisha umemtwisha mwenzako mzigo asiouomba. Baba yetu alipotolewa mgodini, daktari alimwinamia akamuuliza vipi. Akajibu, "Si vibaya, daktari. Na wewe je?" Mguu wake ulibaki chini ya jiwe. Hadithi hiyo ikisimuliwa hapa Hamilton, watu hucheka. Kwetu hakuna anayecheka, kwa sababu hawaoni angejibu nini kingine.

Faili linasema kwamba tarehe 21 Januari dada yangu alitembea bila msaada akimsindikiza mgeni. Ni kweli. Mgeni alikuwa mchungaji wake, na kwetu mgeni hatoki peke yake. Faili halisemi alirudije. Alirudi kitandani na hakuamka hadi kesho yake mchana. Hakuna aliyeandika hilo, kwa sababu hakuna aliyeuliza, naye hakusema.

Wauguzi waliojaza faili hawakukosea kwa ubaya. Waliuliza swali ambalo kwa dada yangu halina majibu mawili, wakaandika jibu hilo moja kila siku, na kampuni ikalijumlisha.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Utakapompigia simu, usimwulize hali yake. Atakujibu kwa heshima, utaandika, na sote tutakuwa tumerudi tulipoanzia. Mwulize ametenda nini. Mwulize jana alifikaje jikoni kwake. Dada yangu hajawahi kusema uongo juu ya jambo lililotendeka au lisilotendeka. Anachoficha ni hali yake tu, maana anaona hiyo ni mali yake.

Mimi ni mzee, nimestaafu kutoka kiwanda cha karatasi, na si mwanasheria. Kama nimekosea utaratibu, kosa ni langu, lisihesabiwe kwake.

Wako kwa heshima,
Arvil Sizemore


Laurel Lick
7 Juni

Baba mdogo,

Wamepiga leo. Naandika kabla sijasahau, maana Shangazi hatakusimulia.

Mwamuzi ni mwanamke, sauti kavu kama ya mwalimu wa hesabu. Nilikuwa nimeweka simu mezani ili sote tusikie.

"Bi Fugate, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, mheshimiwa. Huko kwenu mvua imenyesha?"

"Haijanyesha."

"Poleni. Sisi tumejaliwa."

Nikapiga mguu wa kiti chake teke. Akanitazama kama nimepiga kanisa. Mtu wa kampuni naye alikuwepo kwenye laini, akajitambulisha, na Shangazi akamwambia ana sauti nzuri, angeweza kuimba. Baba mdogo, nilijua tumekwisha.

Nilisikia karatasi zikigeuzwa. Kisha mwamuzi akasema, "Bi Fugate, jana ulifikaje jikoni?"

Shangazi akatazama vile vipago vitatu.

"Sikufika," akasema.

"Na juzi?"

"Juzi sikufika."

"Mara ya mwisho ulifika lini?"

"Siku niliyoanguka. Nilikuwa nimeshika sufuria."

"Nani anakupikia?"

"Huyu mtoto hapa. Na si kwamba anapika, mheshimiwa, analeta vile vijiti vya samaki wa kukaangwa vya shule. Sisemi ni vibaya."

"Unalala wapi?"

"Kwenye kiti."

"Kwa nini kwenye kiti?"

Hapo akashika mikono ya kiti chake. Akasema, "Kwa sababu nikilala chini siwezi kuinuka, na sitaki mtoto huyu anikute asubuhi nimelala mle nilimolowa."

Mwamuzi akauliza kuhusu choo. Shangazi akanigeukia, "Wilma June, nenda ukaangalie kuku." Kuku hakuna tena, mbweha amemaliza. Nikaenda kibarazani. Mlango wetu ni mbao nyembamba na nilisikia yote, lakini aliniondoa ili nisisikie, kwa hiyo sikusikia.

Niliporudi, mtu wa kampuni alikuwa anasema kwamba faili linaonyesha mgonjwa hakuwahi kulalamika. Mwamuzi akamjibu, "Hata leo hajalalamika. Nimeuliza, amejibu."

Shangazi akaomba radhi kwa kumchosha. Mwamuzi akasema, "Hujanichosha, Bi Fugate." Ndiyo maneno pekee aliyoyasema taratibu.

Simu ilipokatika Shangazi alifumba macho, akaniambia nizime taa. Ilikuwa saa nane mchana na taa haikuwa imewashwa. Nikainuka, nikagusa swichi, nikakaa tena.

Wilma June


Kituo cha Mazoezi ya Viungo
14 Julai

Mdogo wangu Arvil,

Utakuwa umeshaiona barua ya mwamuzi. Walinirudisha huku tarehe 27 Juni. Nimepewa wiki sita. Jirani yangu chumbani ni mwanamke wa kaunti ya Pike aliyekuwa polisi, anakoroma kwa zamu mbili.

Yule msichana mrefu bado yupo. Mama yake alikufa Aprili. Siku ya kwanza aliingia akaniuliza, "Leo vipi, Bibi Delphia?" na mimi nikamwambia, "Inauma hapa, na hapa, na nikigeuka hivi inauma mpaka kwenye meno." Nilidhani nitaona aibu. Aliweka karatasi zake chini, akakaa kitandani kwangu, akasema, "Mimi pia." Tukakaa. Halafu akanifanyisha mazoezi mpaka nikamchukia.

Jana nilishuka vipago vinne vya mbao walivyoviweka kwa kujifunzia. Nilishika reli, lakini nilishuka.

Sasa kuna jambo. Kuna bibi wa ofisini hapa anayepanga watu kurudi nyumbani. Ameniuliza nitaishi na nani, kwa sababu hawawezi kunirudisha bondeni peke yangu. Nikamwambia nina ndugu, amekuwa akija nyumbani majira ya kuchipua. Akauliza, "Majira ya kuchipua ya mwaka gani?" Nikahesabu kwa vidole, nikaacha.

Arvil, kila mwaka nakuuliza, kila mwaka unanijibu barabara zikikauka. Sikulaumu. Mimi niliuliza kwa adabu na wewe ulijibu kwa adabu, na tumeishi vizuri hivyo. Lakini bibi huyu anataka jina la kuandika, na asipolipata ananiandalia kitanda kwenye nyumba ya wazee mjini, ambako hairuhusiwi kuingia jikoni. Kwa hiyo sikuulizi kama ungependa, wala kama unanikumbuka. Hayo nayajua. Nakuuliza, tarehe 8 Agosti, siku nitakayotoka hapa, utakuwa Laurel Lick, au utakuwa Hamilton?

Usinifiche. Nimeshazoea sasa.

Dada yako,
Delphia


Hamilton, Ohio
20 Julai 2016

Dada Delphia,

Tarehe 8 Agosti nitakuwa Hamilton.

Nimeandika sentensi hiyo asubuhi, na sasa ni jioni. Kati yake niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nimempigia Wilma June kazini kwake. Hakunipa nafasi hata ya kumaliza. Amesema atahamia kwako na paka wake wawili, kwamba mitungi yako itahamia kibarazani, na kwamba kama utamgombeza kuhusu vijiti vya samaki, basi wewe ndiye utakayepika, na hilo ndilo analolitaka. Mwandikishe yeye. Anakupenda kwa namna ya watu wa kwetu, yaani anakutukana.

Umeuliza jambo lililotendeka, basi nakujibu kwa yaliyotendeka. Mke wangu Rosalie amezikwa hapa, kwenye kilima kinachotazama mto, na pembeni yake pana nafasi ambayo jina langu limeshachongwa. Mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yetu niliuona kwenye picha ya gazeti, umekatwa kichwa kwa ajili ya makaa ya mawe, umekuwa tambarare kama meza. Wewe unaishi chini yake na umezoea kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Mimi ningeuona wote kwa siku moja. Na moyo wangu una mashine ndogo tangu mwaka juzi. Sikukuambia. Ulipokuwa unaniuliza, nilikuwa nakujibu sijambo.

Watu wa huku bado wananiita mtu wa milimani kila nikifungua mdomo. Dukani wananiuliza nimetoka wapi, nami nawatajia Laurel Lick kana kwamba niliondoka wiki iliyopita. Si uongo. Kila usiku nikizima taa najua mlango wa nyumba ile uko upande gani wa kichwa changu. Lakini ni hapa ninapolala, dada, na ni hapa nitakapolazwa.

Nenda nyumbani. Shuka jikoni. Ukishashuka, niandikie umepika nini, na kama imeuma, niandikie imeuma wapi.

Mimi sitarudi.

Arvil